Pini Imechomekwa Wapi? Kutambua Mishipa Mikubwa ya Moyo kwenye Mtihani wa Vitendo

Kazi yangu, jioni ya kuamkia mtihani wa vitendo wa anatomia, ni kuchomeka pini. Nafunga uzi kwenye mshipa mmoja, nachomeka pini yenye kichwa chekundu kwenye mwingine, naweka namba, nahamia meza ya pili. Karatasi nazisahihisha mwenyewe. Kwa hiyo najua niliwaza nini nilipochagua mahali pa pini, na najua wanafunzi waliandika nini walipofika pale.

Nikumegee siri moja basi. Moyo ukiwa mbele yangu sitafuti mshipa mgumu. Natafuta mshipa mkubwa ambao kila mtu anaujua kwa jina, kisha naweka pini pale unapopakana na jirani anayefanana naye. Shina la mapafu, mshipa unaopeleka damu mapafuni, kando ya aota, mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini. Vena ya mapafu (vena huingiza damu moyoni) chini tu ya ateri ya mapafu (ateri huitoa). Sinusi ya koronari, inayokusanya damu ya moyo wenyewe, pale inapokaribia vena kava ya chini, inayorudisha damu ya sehemu ya chini ya mwili. Aliyekariri picha ya kitabuni hukwama hapo, kwa sababu moyo wa mezani haukulazwa kama ule wa kwenye picha. Anayepona ni yule anayejiuliza mambo mawili: mshipa huu umeshikana na chumba gani, na upande wa pili unaishia wapi? Ukishayajibu hayo, jina huja lenyewe.

Kwanza uweke moyo sawa

Moyo uliotolewa kifuani unaweza kulazwa kwenye sinia kwa namna yoyote: kifudifudi, ubavu, hata ncha ikitazama juu. Usisome namba ya pini kabla hujajua unatazama uso upi.

Anza na aurikali. Hapa naposema aurikali nakusudia kile kisikio kinachochomoza kwenye atriamu (chumba cha juu cha moyo), si chumba kizima. Uso ambao visikio vyote viwili vinaonekana vikikumbatia mizizi ya mishipa mikubwa ndio wa mbele. Cha kulia ni kipana, chenye umbo la pembetatu, na kimelalia mzizi wa aota. Cha kushoto ni chembamba na kirefu, kingo zake zina mikunjo, nacho huchungulia upande wa kushoto wa shina la mapafu. Ukigeuza moyo ukaona ukuta mpana, laini, usio na kisikio, uko nyuma, na huo ukuta ni wa atriamu ya kushoto.

Kisha ncha. Ncha ni ya ventrikali (chumba cha chini) ya kushoto, na mwilini huelekea chini, mbele na kushoto. Ukiruhusiwa kugusa, minya ventrikali zote mbili kwa vidole: ya kushoto ni ngumu na ukuta wake ni mnene karibu mara tatu ya ule wa kulia, wakati ya kulia hubonyea. Uso wa mbele pia una mfuo uliojaa mafuta unaoshuka kuelekea ncha. Mfuo huo haupiti katikati, umeegemea kushoto, kwa hiyo sehemu kubwa unayoiona mbele ni ventrikali ya kulia.

Na kulia ni kulia kwa mwenye moyo, si kwako. Ukiutazama kwa mbele, kulia kwake kuko mkono wako wa kushoto. Ukiugeuza ukatazama kwa nyuma, kulia kwake na kulia kwako vinakutana. Naona alama nyingi zikipotea hapa kuliko kwenye jambo lingine lolote, na zinapotea kwa watu wanaoujua moyo vizuri tu.

Mitatu ya mbele

Ukishauweka moyo wima kwa uso wake wa mbele, juu yake kuna mishipa mitatu iliyopangana. Kutoka kulia kwa mwenye moyo kwenda kushoto: vena kava ya juu (inayorudisha damu ya sehemu ya juu ya mwili), aota inayopanda, shina la mapafu. Mpangilio huo haubadiliki kwenye moyo wa kawaida, ila usiutegemee peke yake, maana mishipa ikikatwa fupi na moyo ukikaa kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia, muda mrefu, mambo huvurugika kidogo.

Shina la mapafu ndilo lililo mbele kuliko yote. Linatoka ventrikali ya kulia, lina urefu wa takriban sentimita 5, linapanda likielekea kushoto na nyuma, kisha linagawanyika chini ya tao la aota kuwa ateri ya mapafu ya kulia na ya kushoto. Aota nayo inatoka ventrikali ya kushoto, mzizi wake umejificha nyuma ya shina la mapafu, halafu inapanda ikielekea kulia. Kwa hiyo mishipa hii miwili imesokotana. Wanafunzi wengi hudhani kwamba kwa kuwa aota inatoka upande wa kushoto, basi mshipa wa kushoto ndio aota. Ni kinyume chake. Ukisimama mbele ya sinia ukajikuta unasitasita, fuata mshipa kwa macho kushuka chini: ule ambao ukuta wake unaungana moja kwa moja na nyama ya uso wa mbele wa moyo, bila kuzama nyuma ya kitu chochote, ni shina la mapafu.

Ikiwa mishipa imekatwa karibu na moyo, chungulia ndani. Yote miwili ina valvu, yaani mlango unaozuia damu isirudi, ya vipande vitatu vya umbo la nusu mwezi, kwa hiyo valvu haikusaidii kutofautisha. Kinachosaidia ni matundu. Juu tu ya vipande viwili kati ya vitatu vya valvu ya aota kuna matundu mawili madogo, milango ya ateri za koronari, zinazolisha moyo wenyewe. Shina la mapafu halina matundu hayo. Hiki ndicho kithibitisho ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hakitegemei moyo umelazwaje.

Ukuta wa mshipa nao unasema. Aota iliyokatwa hubaki imeachama kama mpira wa maji, duara kamili, ukuta mnene. Ukuta wa shina la mapafu ni mwembamba kuliko wa aota, ila bado unasimama. Vena kava ya juu, iliyo kulia kwao, ukuta wake ni mwembamba kabisa na mara nyingi hulala, pande mbili zikagusana. Ina urefu wa takriban sentimita 7, na huingia juu ya atriamu ya kulia bila valvu yoyote mlangoni. Ikiwa imekatwa juu kidogo utaona kwa nyuma tundu la mshipa mwingine unaoingia: hiyo ni vena azigosi, inayoleta damu ya ukuta wa kifua. Ukiliona hilo tundu, mjadala umekwisha.

Kuna zoezi moja ambalo nalisisitiza kwa kila kundi tunapokuwa maabara, kabla ya siku ya mtihani. Kwenye maiti ambayo perikadiamu yake (mfuko unaozunguka moyo) imefunguliwa lakini moyo bado uko mahali pake, pitisha kidole chako cha shahada kutoka kulia, mbele ya vena kava ya juu, nyuma ya aota na shina la mapafu, hadi kitokeze upande wa kushoto. Umepita kwenye sinusi mkingamo ya perikadiamu. Kila kilicho mbele ya kidole kinatoa damu moyoni: aota na shina la mapafu. Kila kilicho nyuma ya kidole kinaingiza damu: vena kava ya juu na atriamu ya kushoto pamoja na vena zake. Madaktari wa upasuaji hutumia njia hiyohiyo kubana mishipa hiyo miwili wakati wa operesheni za moyo. Kidole kikishaipita njia hiyo mara kadhaa, akili haisahau tena nani yuko mbele ya nani.

Tao la aota, kwa haraka

Tao likiwepo kwenye kielelezo, kazi imerahisika. Matawi yake matatu, kutoka kulia kwenda kushoto, ni shina la brakiosefali, ateri ya karotidi ya kushoto (ya kichwani) na ateri ya subklavia ya kushoto (ya mkononi). Angalia: mwanzo wa karotidi na subklavia za kulia hutaukuta kwenye tao, maana zote mbili zinatokana na shina la brakiosefali. Baadhi ya watu karotidi ya kushoto huanza pamoja na shina la brakiosefali, na wengine wana ateri ya vetebra ya kushoto (inayopanda shingoni kwenda ubongoni) inayotoka moja kwa moja kwenye tao, kwa hiyo kuhesabu matawi bila kuyafuata kunaweza kukuponza.

Mahali pa kutazama kwa makini ni chini ya tao. Kuna uzi mfupi mgumu unaounganisha mwanzo wa ateri ya mapafu ya kushoto na upande wa chini wa tao. Ni ligamenti ya ateri, masalia ya mfereji uliokuwa ukipitisha damu ya kijusi ikwepe mapafu. Neva ya kushoto ya zoloto (kisanduku cha sauti) inayorejea inajikunja chini ya tao kando yake. Napenda sana kuweka pini hapa, kisha swali la pili niulize: "Kilikuwa nini kabla ya kuzaliwa?" Ukiona ligamenti hiyo, umepata pia uhakika wa mishipa miwili iliyoshikana nayo, hata kama yenyewe haikuulizwa.

Geuza nyuma

Nyuma ndiko wengi wanakopotelea, kwa sababu picha nyingi wanazosomea zimechorwa kwa mbele.

Ukuta mpana ulio mbele yako ni atriamu ya kushoto, na kwenye pembe zake zinaingia vena nne za mapafu, mbili kila upande: ya juu na ya chini, kulia na kushoto. Ukiziona zote nne zimekaa karibu kuunda mraba, huwezi kukosea. Tatizo huja zikiwa zimekatwa fupi mno hadi zimebaki matundu tu, au vena mbili za kushoto zikiwa zimeungana na kuingia kwa mlango mmoja. Hali hiyo ipo kwa baadhi ya watu na si kosa la aliyepasua. Kulia nako wakati mwingine utakuta tatu.

Sasa ile mitego. Mishipa ya mapafu inayokwenda kulia imebanana. Ateri ya mapafu ya kulia inapita nyuma ya aota inayopanda na nyuma ya vena kava ya juu. Chini yake, nayo ikiwa karibu kabisa na vena kava ya juu, ndipo ilipo vena ya juu ya mapafu ya kulia. Ukitazama kwa nyuma unaona matundu mawili yanayopishana kidogo tu kwa urefu. Usikisie. Fuata kila moja kuelekea katikati: ateri inapita juu ya paa la atriamu ya kushoto kwenda kukutana na mwenzake wa kushoto pale shina lilipogawanyika, wakati vena inaishia kwenye ukuta wa atriamu yenyewe. Ateri inavuka, vena inaingia.

Chini, upande wa kulia, kuna tundu kubwa linalotazama chini. Hiyo ni vena kava ya chini. Kifuani ni fupi sana, kwani ikishapenya kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kwenye usawa wa pingili ya 8 ya kifua inaingia moyoni karibu papo hapo. Kama sheria za maabara yenu zinaruhusu, ingiza kijiti butu kwenye vena kava ya juu ukisukume taratibu: kitapita ndani ya atriamu ya kulia na kutokeza kwenye vena kava ya chini, karibu mstari ulionyooka. Siku ya mtihani hutaruhusiwa kugusa, lakini jicho lililokwisha kukiona kijiti kikipita litauona mstari huo bila kijiti.

Ukizihesabu zote, moyo uliotolewa vizuri una midomo minane mikubwa: aota, shina la mapafu, vena kava mbili, vena nne za mapafu. Ukifika kwenye kituo ukiwa na wasiwasi, hesabu hadi nane, kisha uone ile yenye pini ni ya ngapi.

Mishipa ya moyo wenyewe

Hapa nakuwa mkali zaidi, na ni haki, kwa sababu hii ndiyo mishipa utakayokutana nayo wodini kila wiki.

Ateri ya koronari ya kulia inatoka kwenye aota na kujitokeza kati ya shina la mapafu na aurikali ya kulia, kisha inafuata mfuo wa koronari, yaani ule unaotenganisha atriamu na ventrikali, ikizunguka kwenda nyuma. Njiani inatoa tawi la ukingo wa kulia linalofuata kingo ya chini ya moyo. Ateri ya koronari ya kushoto inajitokeza upande wa pili, kati ya shina la mapafu na aurikali ya kushoto, na ni fupi mno. Inagawanyika mapema: tawi la mbele kati ya ventrikali linashuka kwenye ule mfuo wa mafuta niliokutajia, na tawi la mzunguko linageuka kushoto chini ya aurikali. Hilo la mzunguko hutaliona mpaka kisikio kiinuliwe, ndiyo maana ukikuta kisikio cha kushoto kimeinuliwa kwa koleo au kwa uzi, jua kuna anayekuonyesha kitu. Baadhi ya watu wana tawi la tatu linalotoka katikati ya hayo mawili.

Usiandike "ateri ya koronari ya kushoto" pini ikiwa katikati ya mfuo wa mbele. Pale ni tawi, na tawi lina jina lake. Tawi hilo hulisha sehemu ya mbele ya ventrikali zote mbili na theluthi mbili za mbele za ukuta unaozitenganisha, na swali hilo haliko mbali. Tena mara nyingi linazunguka ncha na kupanda kidogo nyuma, kwa hiyo mshipa ulio nyuma karibu kabisa na ncha si lazima uwe wa ateri ya kulia.

Kwa nyuma, tawi linaloshuka kati ya ventrikali hutokana na ateri ya kulia kwa watu walio wengi. Kwa wachache hutokana na tawi la mzunguko. Ndicho kinachoamua kama moyo unaitwa wa utawala wa kulia au wa kushoto. Kwenye kielelezo usijibu kwa mazoea, fuata tawi juu hadi ulione limetoka wapi.

Kwa vena, shika jozi. Mfuo wa mbele: tawi la mbele pamoja na vena kubwa ya moyo. Mfuo wa nyuma: tawi la nyuma pamoja na vena ya kati ya moyo. Vena hizi huishia kwenye sinusi ya koronari, mshipa mpana, mfupi, ulioko nyuma ndani ya mfuo kati ya atriamu ya kushoto na ventrikali ya kushoto, unaoingia atriamu ya kulia karibu na mlango wa vena kava ya chini. Kwa upana wake wengi huiita vena kava ya chini. Angalia mwelekeo: vena kava inakuja kutoka chini, sinusi inakuja kwa ubavu, kutoka kushoto. Lakini si vena zote zinazopitia humo. Vena za mbele za moyo, zinazotoka ventrikali ya kulia, humwaga damu moja kwa moja kwenye atriamu ya kulia.

Kuandika jibu

Jibu kamili lina aina ya mshipa, jina na upande. "Mshipa wa mapafu" halina alama kwangu, kwa sababu kuna ateri mbili na vena nne zinazoweza kuitwa hivyo. "Vena ya mapafu" ni nusu ya alama. "Vena ya juu ya mapafu ya kulia" ni alama nzima. Vivyo hivyo usiandike "vena kava" ukaacha kusema ya juu au ya chini.

Angalia pia pini imesimama juu ya nini hasa. Pini iliyo kwenye shina kabla halijagawanyika ni shina la mapafu. Ikiwa baada ya mgawanyiko, ni ateri ya mapafu ya upande fulani. Sentimita moja hubadilisha jibu, na nakuhakikishia aliyeichomeka hakuiweka pale kwa bahati.

Modeli, wanyama na picha

Modeli za plastiki zina rangi nyekundu na buluu, na rangi hizo hufuata oksijeni, hazifuati aina ya mshipa. Shina la mapafu ni la buluu nalo ni ateri, vena za mapafu ni nyekundu nazo ni vena. Kinachoufanya mshipa uitwe ateri ni kutoa damu moyoni. Kwenye vielelezo vilivyodungwa rangi, rangi ni uamuzi wa aliyedunga, usiitegemee kabisa.

Ukijifunzia moyo wa ng'ombe au kondoo, ambao kwa ukubwa na upatikanaji wake ni mzuri kwa mazoezi, jihadhari na mambo mawili. Aota yao hutoa shina moja kubwa la brakiosefali badala ya matawi matatu. Na wana vena azigosi ya kushoto inayoingia kwenye sinusi ya koronari, kwa hiyo utakuta mshipa mnene nyuma kushoto ambao kwa binadamu haupo. Valvu, vyumba na mpangilio wa shina la mapafu na aota unaweza kuujifunza hapo bila wasiwasi.

Skani za CT, picha za eksirei zinazoonyesha mwili vipande kwa vipande, sasa zinawekwa kwenye vituo karibu kila mtihani. Zisome ukijiona umesimama miguuni pa mgonjwa aliyelala chali: kulia kwake kuko kushoto kwako. Kwenye usawa ambapo shina la mapafu linagawanyika, tafuta duara kubwa katikati mbele, hiyo ni aota inayopanda. Duara dogo kulia kwake ni vena kava ya juu. Kushoto kwake ni shina la mapafu, na ateri ya mapafu ya kulia inajipinda kutoka humo ikipita nyuma ya hayo maduara mawili. Duara lililobaki peke yake nyuma, limegusana na upande wa kushoto wa pingili, ni aota inayoshuka.